Meseji ya Onyo Saa Nane Usiku: Vile Mtaa Wenu Unaweza Kujipangia Alati za SMS, Hatua kwa Hatua

Usiku ule wa Aprili 2024 maji yakiingia kwetu onyo lilikuwa limeshatumwa, na hii ndio kitu imenikalia kwa roho mpaka leo. Lilikuwa kwa grupu ya WhatsApp ya ploti tangu saa tano kasoro. Lakini lilikuwa picha ya barua, barua yenyewe kizungu kirefu, na stima ilikuwa imepotea tangu jioni kwa hivyo wengi walikuwa wamezima simu kuhifadhi chaji, wengine hawakuwa na bando picha ikakataa kufunguka, na mama wa ploti ya nyuma anatumia kabambe, ile simu ndogo ya batani, haingii WhatsApp hata siku moja. Yeye alijua mto umefurika wakati godoro lilianza kuelea. Alitoka na watoto wawili maji yakiwa kifuani na hakubeba hata kitambulisho.

Tangu hapo tukakaa chini na majirani tukapanga njia yetu ya kuonyana kwa SMS ya kawaida, ile ya kabambe. Tumekosea mara kadhaa, tumerekebisha, na naandika hapa kila kitu ju najua kuna mitaa mingi ya Nairobi iko vile tulikuwa, Mathare, Mukuru, Kibera, Korogocho, na hata esteti za mawe kando ya mto. Haihitaji pesa nyingi. Inahitaji daftari, watu wachache wa kuaminika na jioni kama tatu hivi za kupanga.

Kabla ya yote, jua meseji inasafiri vipi

SMS inatoka kwa simu yako, inaenda kwa mtambo wa kampuni ya simu, mtambo unaishika halafu unatafuta simu ya yule unamtumia. Ikipatikana anapewa, ikiwa imezimwa meseji inangoja hapo mpaka awashe. Hapo kuna uzuri na ubaya. Uzuri ni kwamba haihitaji bando wala simu ya bei, na inapenya hata pale netiwaki iko na laini moja tu, mahali simu ya kupiga ingekatika. Ubaya ni kwamba inaweza kufika imechelewa sana, mtu anawasha simu saa kumi na mbili asubuhi anasoma "maji yanakuja sasa" na anaanza kukimbia wakati watu wanafagia matope. Ndio maana huko mbele nitakusumbua sana na maneno ya saa.

Kuna aina nyingine ya alati ambayo si SMS ingawa inaonekana kama SMS. Hiyo inarushwa na milingoti, zile tunaita busta, kwa kila simu iliyo karibu, kama vile redio inarusha, bila kuhitaji namba ya mtu yeyote. Haisongamani kwa sababu haitumwi moja moja, na simu inalia kwa sauti ya ajabu hata kama umeiweka kimya. Uingereza walijaribu yao nchi nzima tarehe 23 Aprili 2023, na Marekani wamekuwa na yao tangu 2012. Mimi na wewe hatuwezi kuirusha, hiyo ni kazi ya serikali na kampuni za simu, lakini tunaweza kuhakikisha simu zetu hazijaizima. Hiyo ndio hatua ya kwanza na unaweza kuifanya sai ukisoma.

Hatua ya kwanza: simu yako mwenyewe

Kwa smatifoni ingia setingi, juu kabisa kwa ile sehemu ya kutafuta andika neno emergency, ama dharura kama simu yako iko kwa Kiswahili. Ukiona sehemu ya alati za dharura za simu fungua uhakikishe zimewashwa zote. Kama hakuna, sawa, endelea. Kwa simu za Android angalia pia kama alati za tetemeko la ardhi ziko wazi, hiyo inatoka Google na iko upande wa eneo na usalama.

Halafu kuna kitu watu husahau: namba za kamati ya mtaa wenu ziwekwe kama namba maalum zinazoruhusiwa kulia hata simu ikiwa kwa hali ya usisumbue. Usipofanya hivyo alati inaingia kimya kabisa na wewe uko usingizini. Ukishamaliza yako shika ya mzazi wako, ya jirani mzee, ya yule kijana wa kuuza mayai, uwafanyie. Dakika tatu kila mtu.

Weka pia namba hizi kwa simu na uziandike kwa karatasi nyuma ya mlango: 999 na 112, hizo ni za dharura na hazitaki kredo, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, pia haina malipo.

Na msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, jitahidi usilale simu ikiwa imezimwa. Kama stima imepotea zima data, punguza mwanga wa skrini, acha netiwaki tu. Kabambe inaweza kukaa siku kadhaa na chaji moja na kwa kweli familia ikiweza kuwa na kabambe moja ya usiku tu hiyo ni pesa imetumika vizuri.

Hatua ya pili: daftari

Nunua daftari la kurasa 200, lile la mistari. Andika kwa mpangilio wa milango na sio kwa majina ya watu, ju watu huhama na mlango unabaki. Kila mlango andika namba mbili za simu kama ziko, watu wangapi wanalala hapo, na kama kuna mtu anahitaji kusaidiwa kutoka: mzee, mjamzito, mgonjwa, mtu wa kiti cha magurudumu, mtoto anayebaki peke yake mama akienda kazi ya usiku. Kwa walio viziwi uliza kama simu yao inatetemeka vizuri na wailaze chini ya mto wa kulalia, halafu mpangie jirani mmoja wa kugonga na kuingia. Kwa asiyejua kusoma andika jina la jirani atakayemsomea.

Hapa nitasema kitu kwa ukali kidogo. Hizo namba ni za watu, si zako. Kuna sheria ya kulinda data ya 2019 na hata kama hakungekuwa na sheria, ni heshima tu. Mwambie kila mtu kwa mdomo wako unachukua namba ya nini, akikataa mwache, na usimpe mtu mwingine daftari hilo, si mwanasiasa, si wa mikopo, si hata mchungaji anayetaka kualika watu krusedi. Siku watu wataanza kupata meseji za kuomba kura kutoka kwa namba walizokupa za mafuriko, wataacha kufungua meseji zako na hiyo ndio itakuwa mwisho wa mpango wote. Sisi tuna nakala mbili, moja kwa katibu wa kamati na moja kwa mama wa duka la kona ambaye anaaminika na kila mtu.

Hatua ya tatu: macho huko juu

Mto wetu haujui mipaka ya mtaa. Mto Ngong unatoka upande wa Motoine, unaingia Nairobi Dam pale Kibera, unatoka unapita kando ya viwanda mpaka Mukuru. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Mto Mathare unateremka kutoka upande wa Kiambu. Maana yake ni kwamba kwako kunaweza kuwa na nyota angani na bado maji yako njiani yanakuja. Watu wengi walinaswa hivyo, wanasema "lakini mvua ilikuwa imeisha".

Kwa hivyo tafuta watu wawili au watatu wanaokaa juu ya mto kuliko nyinyi. Fundi, mlinzi wa usiku, jamaa wa kuosha magari karibu na daraja, yeyote anayeona maji kwa macho yake. Walinzi wa usiku ndio bora kabisa kwa sababu wako macho saa nane. Mkubaliane alama moja inayoonekana, kwa mfano maji yakigusa bomba la chini ya daraja anatuma meseji ya neno moja, BOMBA, na saa. Yakipita ukuta fulani anapiga simu. Halafu nyinyi wenyewe pakeni rangi kwenye nguzo ama jiwe la kwenu mto ukiwa umetulia, mstari wa njano na mstari mwekundu, ili usiku mtu na tochi asibishane na mwenzake kama maji yamepanda ama hayajapanda. Pima pia inachukua muda gani kutoka BOMBA ya huko juu mpaka njano ya kwenu. Andika kila mara mvua ikinyesha. Baada ya msimu mmoja mtajua mna dakika ngapi, na hizo dakika ndizo zitawaambia mtume lini.

Pia soma tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa, wale wa Dagoretti Corner. Mara nyingi utaona wameandika mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa masaa 24 na mtu anaona milimita ni kitu kidogo. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Nyumba yako ya mabati ya futi kumi kwa kumi, hiyo milimita 20 ni zaidi ya mitungi tisa ya lita ishirini juu ya paa lako peke yake, na sasa hesabu mapaa yote kutoka Kikuyu mpaka kwenu, na lami, na mitaro imeziba na makaratasi. Siku wametoa tahadhari kama hiyo ndio siku ya kutuma ile meseji ya kujiandaa, nitaionyesha hapo chini.

Hatua ya nne: nani anasema tuma

Hii ni fupi lakini usiiruke. Chagueni watu watatu tu wenye ruhusa ya kuamua, na wawili wakikubaliana inatosha. Watatu wote wasiwe wanafanya kazi mbali usiku huo huo. Mzee wa mtaa ama chifu ajulishwe mpango upo na apewe namba zenu, ila msingoje ruhusa yake saa nane usiku, mkubaliane naye mapema kwamba hamtangoja. Na kama mmoja wenu ameona maji kwa macho yake mwenyewe yamepita mstari mwekundu, anatuma peke yake bila kuuliza mtu. Ukweli ni kwamba kamati nyingi hukwama hapa, kila mtu anaogopa kuonekana amewasumbua watu bure.

Hatua ya tano: kuandika meseji yenyewe

Hapa ndio nataka tukae kidogo.

Meseji moja ya SMS inabeba herufi 160, ukihesabu na nafasi. Ukizidi inakatwa vipande vya herufi 153, na vipande vinaweza kufika kimoja kimoja ama kimoja kipotee, mtu anapata "usivuke maji" bila kujua maji gani. Lakini kuna mtego mbaya zaidi ambao ulitula sisi mwezi mzima bila kuelewa. Ukiweka emoji hata moja, ile ya moto ama ya mawimbi, meseji nzima inabadilika aina na sasa inabeba herufi 70 peke yake. Na sio emoji tu. Ile alama ya juu kwenye ng' ya ng'ambo, smatifoni zingine zinaiandika ikiwa imepinda badala ya kunyooka, na hiyo iliyopinda nayo inashusha meseji mpaka 70. Sisi tulikuwa tunaandika "vukeni ng'ambo ya daraja" ama kitu kama hicho na tunashangaa kwa nini inatoka meseji tatu na tunalipia tatu. Dawa yake ni rahisi, andika template zako, yaani meseji za kuandaliwa mapema, kwa kabambe, ama tafuta neno lingine lisilo na ng'.

Sasa mpangilio. Neno la kwanza ndilo linaonekana kwa skrini kabla mtu hajafungua, kwa hivyo neno la kwanza liwe kitendo. Mwanzoni tulitumia ONYO, TAHADHARI na ILANI kama serikali, na tulipouliza watu wakasema hayo yote wanasikia ni kitu kimoja. Tukaacha. Sasa tuna maneno matatu tu, kila mtoto wa mtaa anayajua: JIANDAE, TOKA, SHWARI.

Halafu saa. Andika siku, saa na usiku ama asubuhi, kila mara, hata kama unaona ni kupoteza herufi. Na uandike saa ya Kiswahili ukiweka neno "usiku", kwa sababu simu inaonyesha 2:40 na sisi tunasema saa nane na dakika arobaini, na mtu ameamka na usingizi akisoma "2:40" peke yake anaweza kudhani unamwambia saa mbili na dakika arobaini, ya jana jioni, akarudi kulala.

Halafu nini kimetokea, kwa nani, waende wapi, wasifanye nini, nani anasema. Hiyo tu. Hii hapa yetu ya mafuriko:

TOKA SASA. Jumanne saa 8:40 usiku. Mto umepanda, maji yanafika ploti za chini. Walio laini ya mto pandeni shule. Usivuke maji, usiguse waya. Kamati

Hiyo ina herufi 147. Ona vile inasema laini ya mto peke yake. Ukiwaambia mtaa mzima watoke, wale wa juu watajaza njia na wa chini washindwe kupita. Na usiseme "mahali salama" ama "nyanda za juu", taja mahali pana jina, shule, kanisa la bluu, steji, na uwe umeshaongea na mwenye ufunguo wa geti la hapo. Waya nimeuweka kwa sababu kwetu nyaya za stima ya sambaza, ile ya kuunganishwa kienyeji, zinapita chini na maji yakizifikia zinaua watu ambao mto haungewaua.

Ya kujiandaa, unatuma mapema:

JIANDAE. Jumanne saa 4 usiku. Mvua kubwa huko juu. Usizime simu, weka viatu na vitambulisho karibu. Tutatuma tena saa 6 usiku hata kukiwa shwari. Kamati

Ile ahadi ya mwisho ni muhimu na ukiiweka itimize. Mtu akijua atapata habari saa sita hatapiga simu kumi kuuliza, na laini zenu zitabaki wazi.

Mafuriko sio hatari peke yake. Tarehe 12 Septemba 2011 pale Sinai, petroli ilivuja kutoka kwa bomba na watu wakakimbilia huko na mitungi kuchota, na moto ukaua zaidi ya mia moja. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 Embakasi gesi ililipuka ikachoma manyumba na watu. Kwa hivyo muwe na template ya gesi na mafuta pia, na hii iseme wazi kile watu hawatakiwi kufanya, kwa sababu hapo ndipo maisha yanaenda:

TOKA SASA. Ijumaa saa 5 usiku. Gesi inavuja upande wa godauni. Kimbia mbali nayo. Usiwashe taa, jiko wala pikipiki. Usirudi hadi tuseme. Kamati

Kama ni mafuta ongeza "usichote". Na muwaeleze watu siku ya mkutano kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatembea chini na kwenye mitaro, kwa hivyo hakuna kujificha kwa shimo.

Lugha iwe ile watu wanaongea. Kama upande wenu kuna majirani wengi wanaosoma Kisomali ama lugha nyingine vizuri zaidi, kaeni nao muandike template yao mapema, usitafsiri saa nane usiku. Template zote ziandikwe zikiwa zimeacha nafasi ya siku na saa tu, zihifadhiwe kwa simu za wale watatu na kwa karatasi.

Hatua ya sita: kutuma

Kuna njia mbili na sisi tunatumia zote.

Ya kwanza ni mti. Wale watatu wanatuma kwa wajumbe wanane, kila mjumbe ana milango kumi na tano yake, hiyo ni milango 120 na hakuna mtu ametuma zaidi ya meseji kumi na tano. Kila mjumbe ana msaidizi anayemshika akikosekana. Wajumbe wawe na bando ya SMS msimu wote wa mvua, chama chetu kinatoa hiyo pesa na ni kidogo sana. Usijaribu kutuma milango 120 kwa simu moja, inachukua muda na simu zingine zinaanza kukataa katikati.

Ya pili ni kununua huduma ya meseji za jumla kutoka kwa kampuni zinazouza, ziko kadhaa hapa Nairobi. Unaweka orodha kwenye akaunti yao, unaandika mara moja, inaenda kwa wote. Bei kwa kawaida haifiki shilingi moja kwa meseji, lakini uliza kwanza kama kuna kiwango cha chini cha kununua na kama salio linaisha muda. Uliza pia kuhusu jina la mtumaji, lile linaonekana badala ya namba, lisizidi herufi 11 na linasajiliwa, inaweza kuchukua siku nyingi kwa hivyo usingoje mvua. Na hapa kuna swali moja usikose kuuliza: hilo jina limesajiliwa kama la matangazo ama la taarifa? Watu wengi wamezuia meseji za matangazo kwa laini zao, na likiwa la matangazo hao hawatapata alati yako na wewe utadhani wamepata. Sisi tuligundua hivyo siku ya majaribio, milango zaidi ya ishirini kimya.

Baada ya kutuma, fulashi. Meseji ikiingia inalia mara moja na mtu aliyechoka hasikii. Mjumbe anapiga kila namba yake, inalia kidogo, anakata, mara tatu. Tumewaambia watu fulashi tatu usiku kutoka kwa mjumbe maana yake soma meseji. Hiyo haigharimu kitu na kusema kweli imeamsha watu wengi kuliko meseji yenyewe.

Kila mlango ujibu neno moja na namba ya mlango, NIMETOKA 14. Mjumbe anaweka alama kwa karatasi. Wasiojibu ndio wa kuendewa, kama njia bado ni salama. Usimtume mtu kwa maji.

Netiwaki ikienda

Stima ikipotea muda mrefu na busta zinaweza kuzima, na watu wote wakipiga simu pamoja laini zinajaa. Kila mjumbe awe na filimbi, mipulizo mitatu mirefu maana yake ni ile ile ya TOKA. Misikiti na makanisa yenye vipaza sauti vya betri yaulizwe mapema. Kamati iwe na pawabenki moja iliyojaa na laini za kampuni mbili tofauti za simu.

Kukosea, na matapeli

Mtakosea siku moja. Hawaii tarehe 13 Januari 2018 watu wote walipata alati kwa simu kwamba kombora linakuja na sio majaribio, na haikuwa kweli, ilichukua dakika 38 kabla ya meseji ya kusahihisha kuingia kwa simu zao, na sababu moja ni kwamba hawakuwa wameandaa meseji ya kusahihisha. Sisi tunayo tayari:

SHWARI. Jumanne saa 9 usiku. Meseji ya saa 8:40 haikuwa sahihi, maji hayajafika. Kaeni nyumbani. Samahani, tutaeleza kesho jioni. Kamati

Na kesho jioni mueleze kweli, mkiwa mmesimama mbele ya watu. Watu husamehe onyo lililokosea kama umewaambia kwa nini. Wasichosamehe ni kunyamaza.

Matapeli nao watakuja. Waambie watu kwamba alati ya kamati haiombi pesa, haiombi PIN, haina linki ya kubonyeza, na haisemi "fowadi kwa watu kumi". Ikiwa na moja ya hizo ni uongo. Ukipata onyo kutoka kwa mtu usiyemjua mpigie mjumbe wako, usilisambaze kwanza. Isipokuwa unaona maji kwa macho yako, hapo usimpigie mtu, toka.

Majaribio

Fanyeni angalau mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba kabla mvua haijaanza, moja mchana na moja usiku mapema. Meseji ianze na HII NI MAJARIBIO na muwe mmetangaza siku mbili kabla, kanisani, msikitini, kwa duka. Pimeni dakika kutoka meseji ya kwanza mpaka jibu la mlango wa mwisho. Mara yetu ya kwanza ilikuwa dakika 52. Tukatafuta zilikokwama: mjumbe mmoja alikuwa amebadilisha laini, mwingine hakuwa na kredo, na milango kumi na moja ilikuwa na wapangaji wapya. Mara ya tatu tulifika dakika 17.

Hao wapangaji wapya ndio kazi isiyoisha. Nairobi watu huhama mwisho wa mwezi, kwa hivyo tarehe tano ya kila mwezi mjumbe anapita milango yake na daftari, anauliza nani ameingia na nani ametoka, anafuta, anaandika upya, anamwonyesha mpangaji mpya njia ya kwenda shule kwa miguu. Mama wa ploti ya nyuma sasa ni mjumbe wa laini ya mto, na ndiye huwa wa kwanza kumaliza.